Mtazamo wa umilele: kupita duniani ni kufanyaje?

Kwenye misiba ya huku kwetu Kigoma, mhubiri akifika pale pa "duniani tunapita tu", kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Tukishaanua matanga, wale wale tuko mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tunagombania bei ya dagaa. Sisemi ni unafiki. Nadhani tumezoea kuliitikia neno bila kuulizana maana yake.

Mtazamo wa umilele ni kuyapima mambo ya leo kwa kipimo cha yale yatakayobaki mbele za Mungu. Paulo aliliweka hivi katika 2 Wakorintho 4:18: vinavyoonekana ni vya muda tu, visivyoonekana ni vya milele. Hakusema vinavyoonekana ni vibaya. Nyumba ya bati, mtumbwi wenye mashine mpya, hata uzee wa kanisa, vyote ni vizuri na vyote vina mwisho. Taabu huanza pale mtu anapovitaka vimpe kile ambacho ni Mungu tu awezaye kukitoa.

Tena wengi wetu tukisikia "milele" tunawaza ng'ambo ya kaburi. Yesu alieleza tofauti: katika Yohana 17:3 anasema uzima wa milele ndio huu, kumjua Mungu wa pekee wa kweli na yeye aliyetumwa naye. Basi umeshaanza. Unao hata ukiwa na ndoo yako kwenye foleni ya maji.

Nikae kidogo kwenye kosa moja, maana linanikera. Kuna Wakristo ambao "hapa si kwetu" imekuwa kisingizio chao. Niliwahi kumsikia mmoja akikataa kuchangia choo cha shule ya msingi kwa hoja kwamba Bwana yu karibu kurudi. (Watoto wake walikuwa wanasoma hapo hapo.) Jambo hili si geni. Wathesalonike walitikiswa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha fika, na miongoni mwao walikuwemo watu wasiofanya kazi yoyote, wakijishughulisha na mambo ya wengine. Paulo akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile.

Barua ninayoipenda zaidi ni ile ya Yeremia sura ya 29 kwa watu waliohamishiwa Babeli. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule wa ugenini. Halafu katika barua hiyo hiyo anawaambia kwamba baada ya miaka 70 Mungu atawarudisha kwao. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji mfano wa mbali. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na waliozaliwa humo wengine sasa ni wazazi. Muulize mama aliyetoka Kongo kwao ni wapi, atakutajia kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Lakini mchicha wa pembeni ya nyumba yake kaumwagilia asubuhi. Petro anapowaita waamini "wapitaji na wasafiri", mimi humwona mama huyo.

Lakini kwa nini kumwagilia kama tunaondoka? Paulo analijibu hilo mwishoni mwa sura ndefu ya ufufuo, 1 Wakorintho 15: kwa kuwa wafu watafufuliwa, taabu yenu siyo bure katika Bwana. Hapa hunijia meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba. Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma na kuishusha majini 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 vita vilipowaelemea, waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mtu hapaki grisi mashine anayoiaga moja kwa moja. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mfano wangu unachechemea, nakiri: waliopaka grisi hawakuifaidi. Ahadi ya Paulo ni kwamba aliyetaabika ndiye atakayefufuliwa.

Sasa turudi mwaloni, maana huko ndiko dhana hii hupata mwili. Mama anauza dagaa kwa sado, lile kopo la kupimia. Sado iliyobonyezwa kitako humbakizia konzi moja kila kipimo, na mteja hagundui. Kwa hesabu ya jioni ile, kubonyeza ni ujanja wa biashara. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na mama huyu anajua kwamba hata kitu kidogo kama kitako cha sado kina Mtu anayekiona. Siku moja anaiweka pembeni, ananunua sado nzima. Wahubiri wengi husimulia mpaka hapo, kisha wanaongeza kwamba wateja wakafurika. Mara nyingine hawafuriki. Jirani yake mwenye sado iliyobonyezwa anaweza kushusha bei, yeye hawezi. Inakuja wiki ya mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi imelala ufukweni, na ada ya mtoto inadaiwa. Sado ya zamani bado iko uvunguni mwa kitanda, na yeye anajua iko hapo.