Aerojeli: namba ya kwenye lebo haitoshi

Malalamiko kuhusu bidhaa zinazouzwa kwa jina la aerojeli yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu amepaka ukuta rangi "yenye aerojeli", au amezungushia bomba la maji moto blanketi jembamba, halafu matokeo hayakukaribia alichoahidiwa. Sisi tunaopima vihami joto tunalazimika kuanza na hili: aerojeli, yaani kitu kigumu chepesi mno chenye vitundu vidogo sana vilivyojaa hewa, ni kitu cha kweli na sifa zake ni za kweli. Chumvi imetiwa kwenye matangazo.

Mkanganyiko mwingi umetokana na ile picha maarufu ya ua lililolazwa juu ya kipande cha aerojeli cha rangi ya samawati hafifu huku mwali wa moto ukiwaka chini yake. Picha hiyo si ya uongo. Ila aerojeli hailikatazi joto kupita, na hakuna kihami kinachoweza kufanya hivyo. Kazi yake ni kulichelewesha. Ua lile likiachwa pale muda wa kutosha litanyauka kama ua lolote, na hilo tumelieleza mara nyingi kuliko tungependa.

Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Samuel Kistler, alichapisha katika jarida la Nature njia ya kuondoa kimiminika ndani ya jeli bila jeli yenyewe kusinyaa. Ukiianika jeli hivi hivi, kimiminika kikiwa kinakauka, mvutano wa uso wake huzivuta kuta za vitundu zikaribiane hadi zibomoke. Kistler aliipasha jeli ndani ya chombo kilichofungwa, kwa kanieneo kubwa, mpaka tofauti kati ya kimiminika na gesi ikatoweka. Pasipo na uso hapana mvutano, na kiunzi kikabaki kimesimama. Siku hizi hutumika sana kaboni dioksidi, inayofikia hali hiyo kwenye nyuzijoto 31 tu, ingawa huhitaji kanieneo la takriban mara 73 ya lile la angahewa. Mitambo ya kuhimili kanieneo hilo si rahisi, kwa hiyo bidhaa ya bei ya kutupa iulizwe maswali zaidi.

Kinachobaki, kwa aina iliyo maarufu zaidi, ni kiunzi cha silika (kile kile kinachounda mchanga na kioo) ambacho hewa huweza kuwa zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake. Kuta za ndani za gramu moja, lau zingetandazwa, zingefunika mita za mraba kati ya 500 na 1,000. Zipo pia aerojeli zisizo za silika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walitangaza aerojeli ya grafini, aina ya kaboni, yenye miligramu 0.16 tu kwa sentimita ya ujazo, ilhali hewa tunayovuta ina kama miligramu 1.2. Tunaulizwa, basi, mbona haipai kama puto. Haipai kwa sababu imejaa hewa, na uzito wa hewa hiyo haukuhesabiwa katika 0.16.

Siri ya kuhami imo kwenye vitundu. Molekuli ya hewa husafiri wastani wa nanomita 70 hivi kabla ya kugongana na nyingine. Vitundu vingi vya aerojeli ya silika havifiki nanomita 50, kwa hiyo molekuli hugonga ukuta kwanza na hushindwa kumpokeza mwenzake joto. Ndiyo maana aerojeli nzuri hupitisha kama wati 0.015 kwa mita kwa kelvini (namba ikiwa ndogo, joto hupita kwa shida zaidi), wakati hewa tuli hupitisha takriban 0.026. Kitu kilichojaa hewa kinaishinda hewa! Gari dogo la Sojourner lililotua Mars mwaka 1997 lilikingwa na baridi kwa aerojeli. Chombo cha angani cha Stardust kiliitumia kwa kazi nyingine kabisa: kunasa vumbi la nyotamkia Wild 2 mwaka 2004, chembe zikiingia kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde na kusimama taratibu ndani yake. Sampuli zilirudi duniani mwaka 2006.

Sasa tuje kwenye lebo. Namba 0.015 peke yake haimwambii mnunuzi chochote. Kinga dhidi ya joto ni unene ukigawanywa kwa namba hiyo. Milimita 10 za blanketi la aerojeli la namba hiyo ni sawa na milimita 23 hivi za sufu ya kioo (kihami cha nyuzi za kioo) yenye 0.035, na hiyo ni faida kubwa pale ambapo nafasi ni finyu. Lakini tabaka la rangi lenye unene wa nusu milimita, hata lingekuwa aerojeli tupu (nalo haliwi), ni sawa na milimita moja na ushee ya sufu ile. Tafadhali, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipa, si baada ya kutuandikia.

Namba hiyo pia hupanda joto linapopanda, kwa sababu silika huruhusu sehemu ya miale ya infraredi, miale ya joto isiyoonekana, kupenya. Watengenezaji huchanganya kaboni au oksidi ya titani kuizuia. Ndiyo maana ripoti halali hutaja wastani wa halijoto ya kipimo. Kupima huenda hivi: sampuli mbili hukatwa kutoka toleo moja, mbali na kingo. Huwekwa kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50 hadi uzito wake uache kubadilika. Unene hupimwa chini ya mgandamizo uliotajwa, maana blanketi hubonyea. Kisha bamba la moto huwekwa kati ya sampuli hizo mbili, likiwa limezungukwa na pete yenye joto lile lile ili joto lisitorokee pembeni, na husubiriwa mpaka hali itulie. Kusubiri huko kunaweza kuchukua saa nyingi, na kupiga simu hakukufupishi.

Ripoti inayokosa halijoto, unene au namba ya toleo tunaihesabu kuwa haipo. Ripoti iliyofutwa mstari hubatilishwa yote, si mstari huo tu. Anayebandika alama ya bidhaa iliyopimwa juu ya bidhaa nyingine huondolewa kwenye orodha ya bidhaa zilizopimwa, huagizwa kuondoa matangazo, na hugharimia upimaji upya. Kusema "aliyechapa lebo ndiye aliyekosea" si utetezi.

Wengine wana hofu kwamba ni asbesto mpya. La. Silika ya aerojeli haina umbo la fuwele, na silika ya fuwele ndiyo inayojulikana kuleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu. Hata hivyo vumbi lake hufyonza unyevu wa ngozi, hukereketa macho na koo, kwa hiyo anayekata blanketi avae glavu, miwani na barakoa.

Kuhusu maji, aerojeli ya silika isiyotiwa dawa ya kuzuia maji hubomoka ikilowa, kwa mvutano ule ule aliouepuka Kistler. Iliyotiwa dawa huyakataa maji, ila dawa hiyo ni kemikali ya kikaboni na huungua joto likizidi. Silika haiwaki, lakini dawa, gundi na nyuzi zinaweza kuwaka. Kipimo cha moto huombwa peke yake.

Anayeleta rangi kupimwa ailete ikiwa imepakwa kwenye bamba na kukauka, kwa unene ule ule anaouza. Mkebe hatuupokei, rangi iliyo mkebeni haina unene wa kupima.