Viktimolojia: Nafasi ya mwathirika wa uhalifu mbele ya sheria

Viktimolojia ni tawi la kriminolojia (elimu ya uhalifu) linalomchunguza mtu aliyetendewa uhalifu: madhara aliyoyapata, sababu za kutoa au kutotoa taarifa, na jinsi polisi, waendesha mashtaka na mahakama wanavyomhudumia tangu anapofika kituoni hadi hukumu inaposomwa. Waasisi wake wanaotajwa zaidi ni mwanasheria Benjamin Mendelsohn na Mjerumani Hans von Hentig, walioandika katika miaka ya 1940. Mendelsohn aliwapanga waathirika kwa madaraja kufuatana na kiasi walichochangia katika tukio lenyewe, mtazamo ambao watafiti waliofuata waliupinga vikali, kwa kuwa hauko mbali na kumlaumu aliyebakwa kwa nguo alizovaa. Lawama za namna hiyo zingalipo vijiweni hata leo.

Uzito wa taaluma hii unaonekana vizuri katika shauri la kawaida kabisa. Tumchukue mfugaji wa Chamwino aliyevunjiwa zizi usiku, akafuata kwato pamoja na majirani, akamwarifu mwenyekiti wa kijiji, kisha akaenda polisi kufunguliwa jalada. Mtuhumiwa anapofikishwa mahakama ya wilaya, shauri linasomeka kuwa ni la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mwenye ng'ombe anabaki kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Mshtakiwa anaweza kuweka wakili, kuwahoji mashahidi na kukata rufaa, ilhali mfugaji husubiri wito, hutafuta nauli, na akifika huenda akaambiwa kesi imeahirishwa. Hata ng'ombe waliopatikana huhesabika kuwa vielelezo, hivyo anaweza kuwaona asiweze kuwaswaga kurudi nyumbani. Wanaviktimolojia huyahesabu mateso haya kuwa dhara la pili, linalotokana na mfumo wenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo taaluma yao inapotufaa zaidi.

Jambo jingine ni hesabu. Takwimu za polisi hubeba matukio yaliyoripotiwa tu. Ndiyo maana Marekani tangu miaka ya 1970, na Uingereza tangu 1982, huwauliza wananchi moja kwa moja kama wametendewa uhalifu, wakaripoti au wakanyamaza.

Kuhusu haki, Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 linataka waathirika watendewe kwa utu, wapewe taarifa za mwenendo wa shauri, na wapate fidia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inaitaja fidia kwa walioathirika na makosa ya wengine miongoni mwa kanuni ambazo mahakama zitazifuata, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemdhuru. Katika kosa la kubaka, marekebisho ya mwaka 1998 yaliongeza amri ya fidia juu ya kifungo. Ugumu uko kwenye kulipwa: mtu aliyefungwa miaka 30, asiye na shamba wala mifugo, atalipa nini? New Zealand ililijibu swali hilo mwaka 1963 kwa kutunga sheria ya fidia inayotolewa na serikali. Kwetu mzigo bado uko kwa mkosaji, na mwathirika asiyeridhika hubakiwa na njia ya kufungua shauri la madai kwa gharama zake.