Homa ikikukamata Guangzhou: maswali na majibu

Nimekuja kufuata mzigo, siku ya nane homa imepanda na viungo vinauma. Si uchovu wa safari tu?

Usijiamulie. Malaria hatari tuliyoizoea kwetu hujitokeza kwa kawaida siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Mbu aliyekuuma Dar es Salaam anaweza kukulaza China. Na China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 kuwa haina malaria, kwa hiyo daktari wa huko huenda akawaza mafua kwanza. Wewe ndiye wa kuitaja. Sema umetoka Afrika Mashariki, taja tarehe uliyoondoka, omba kipimo cha damu cha malaria. Usilale nayo hadi kesho, maana bila dawa ugonjwa huu unaweza kuwa mkali ndani ya saa 24.

Kichina sijui. Nitasemaje?

Onyesha maandishi. Kabla hujaondoka nyumbani, weka kwenye simu na kwenye karatasi: 疟疾 (malaria), 我从非洲来 (natoka Afrika), na kama penisilini inakudhuru, 青霉素过敏. Ukitumia programu ya kutafsiri, andika sentensi fupi zilizonyooka. "Nasikia kizunguzungu" inaweza kugeuzwa kuwa jambo la masikio.

Niende wapi?

Hospitali kubwa, ukiwa na pasipoti na pesa, kwani kwa kawaida unalipa kabla ya kuhudumiwa. Wenye homa wana kitengo chao: tafuta 发热门诊. Ukizidiwa, gari la wagonjwa ni 120.

Ninunue Panadol kwanza nione?

Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli, na kwa Kichina ni 对乙酰氨基酚. Zitambue herufi hizo, kwa sababu dawa nyingi za mafua za huko zina parasetamoli ndani yake. Ukimeza vyote viwili unaweza kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kiwango ambacho mtu mzima hapaswi kukizidi. Ini ndilo linaloumia. Tena homa hushuka kwa muda huku vimelea vikiendelea kuzaana damuni.

Nibebe dawa mseto kutoka nyumbani?

Muulize daktari wako kabla ya safari. Akikuandikia, ibebe kwenye pakiti yake pamoja na barua yake. Artemisinini, asili ya dawa mseto za malaria, iligunduliwa huko huko China, na mwanasayansi Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2015, lakini usitegemee kuikuta dawa mseto duka la dawa la mtaani. Na ukiwa nayo mkononi, kipimo bado kinatangulia.