Kuhara wakati wa kemo kwa aliyekatwa utumbo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyeondolewa sehemu ya utumbo kwa sababu ya saratani, kisha akaanzishiwa tibakemikali, yaani kemo, huweza kuhara kwa sababu zaidi ya moja, na hapo ndipo ushauri wa majirani na wa dukani unapomchanganya. Hapa Kisumu, na kwa jamaa zetu wanaotibiwa Nakuru au Eldoret, maneno ni yaleyale, nayo husemwa na watu wenye nia njema kabisa. Baadhi ya maneno hayo yanaweza kuua.

Dhana: Kuhara ni dalili kwamba dawa inasafisha ugonjwa.

Tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini hata utando wa ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo nao hupigwa. Utando ukiharibika, utumbo hushindwa kufyonza maji na chumvi, navyo hutoka. Kinachomtoka mgonjwa ni maji ya mwili wake mwenyewe, wala si saratani, na wingi wa kuhara haupimi hata kidogo jinsi uvimbe unavyopungua. Hilo hujulikana kwa picha na vipimo vya damu.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni florourasili, kapesitabini ya vidonge, na irinotekani. Irinotekani huleta kuhara kwa namna mbili. Kuna kunakoanza ndani ya saa 24, pamoja na jasho, mate mengi na msokoto wa tumbo, ambako wauguzi hukutuliza kwa atropini. Kuna na kunakoanza baada ya hapo, mara nyingi siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshapanda matatu na kurudi Siaya au Busia. Huku kwa pili ndiko kunakohitaji familia iliyoelezwa mapema.

Dhana: Aliyekatwa utumbo, kuhara ndiyo kawaida yake.

Hii ina ukweli nusu, na ndiyo sababu inapoteza wengi. Kila upasuaji huacha kawaida yake. Aliyeondolewa upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba amepoteza mahali ambapo chumvi za nyongo hufyonzwa zikarudi kwenye ini. Chumvi hizo zikishuka hadi utumbo mpana huvuta maji, na mgonjwa hupata choo cha majimaji, hasa baada ya chakula cha mafuta. Kuhara kwa namna hiyo kuna dawa yake, kolestiramini, ambayo hunasa nyongo, lakini hunasa na dawa nyingine pia, kwa hiyo haimezwi pamoja nazo. Aliyeondolewa rektamu, yaani sehemu ya chini inayohifadhi choo, hana tena ghala: huenda mara nyingi, kidogo kidogo, kwa haraka isiyosubiri. Naye ambaye utumbo wake mwembamba umefunguliwa kwenye ukuta wa tumbo na kuwekewa mfuko nje, choo chake ni laini au cha majimaji siku zote, na kwake hesabu ya safari za chooni haina maana, apime ujazo. Mfuko ukianza kutoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, hiyo ni hatari.

Basi kawaida ya mgonjwa iandikwe kwenye daftari kabla ya dozi ya kwanza. Kliniki za saratani hupima kuhara kwa nyongeza juu ya kawaida hiyo: nyongeza isiyofika mara 4 kwa siku ni nyepesi, mara 4 hadi 6 ni ya wastani, na mara 7 au zaidi ni kali, inayohitaji hospitali. Mzee ambaye tangu upasuaji huenda mara 5 kwa siku, akifika mara 12 ameingia kwenye kuhara kali, hata kama watu wa nyumbani wamekwisha kuzoea kumwona akiinuka kila mara. Nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote, kwa sababu mgonjwa anayesema tu kwamba anaenda chooni mara nyingi amempa daktari nusu ya habari.

Dhana: Asinywe kitu, atazidi kuhara. Na dhana pacha yake: anywe maji matupu kwa wingi.

Kumnyima mgonjwa kinywaji ni kumkausha, na figo zilizokauka huumia upesi. Lakini maji matupu peke yake hayatoshi, na kwa mwenye mfuko wa utumbo mwembamba yakizidi humdhuru. Utumbo mpana, ambao kazi yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini, kwake haufanyi kazi. Maji matupu yakipita katika utumbo mwembamba huvuta chumvi kutoka mwilini na kutoka nayo. Sukari na chumvi zikiwa pamoja kwa kipimo sahihi hufyonzwa na kuvuta maji yaingie ndani. Hiyo ndiyo kazi ya ORS, unga wa pakiti wa sukari na chumvi, unaochanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikikosekana, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, kwani katika miji yetu ya kando ya ziwa kipindupindu kimepita mara nyingi, na ambaye kemo imempunguzia seli nyeupe za damu hana nguvu ya kupambana nacho. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Dhana: Flagyl ni dawa ya kila tumbo.

Metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, hupunguza kasi ya mwili kuondoa florourasili, kwa hiyo sumu ya dawa huzidi na kuhara kukaongezeka. Kapesitabini nayo hugeuka florourasili ikiwa mwilini. Asinunue mtu dukani bila kliniki kujua. Vivyo hivyo shubiri na dawa nyingi za kienyeji za kusafisha tumbo, ambazo zenyewe huharisha.

Loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, ni jambo jingine: wengine huiogopa wakidai inafungia sumu ndani, wengine huimeza ovyo. Kwa kuhara kwa baadaye kwa irinotekani, mpango wa kawaida ni miligramu 4 mara moja, kisha miligramu 2 kila baada ya saa 2 hadi saa 12 zipite bila kuhara, wala si zaidi ya saa 48. Kipimo hicho kinapita kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo kitoke kwa daktari wa saratani peke yake. Penye homa au damu, asiimeze kabla ya kuonwa.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Mboga za kienyeji, maharagwe na uji wa wimbi ni vyema siku nyingine. Siku za kuhara, wali, viazi, ndizi mbivu na supu yenye chumvi huvumilika zaidi, kidogo kidogo. Maziwa mabichi, hata ya ng'ombe wa nyumbani, yaachwe kabisa. Hata yaliyochemshwa yanaweza kusumbua kwa muda.

Dhana: Ukisema unahara, watakunyima dozi.

Hofu hii naielewa, hasa kwa aliyeuza mbuzi ili afike kliniki. Lakini kusogeza dozi kwa wiki moja au kuipunguza ni sehemu ya matibabu, wakati kulazwa kwa upungufu wa maji au maambukizi huweza kuyakatiza kwa muda mrefu. Anayetumia kapesitabini asimamishe vidonge na kupiga simu nyongeza ikifika mara 4 kwa siku, au akiamshwa usiku kwa kuhara, wala asifidie vilivyorukwa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu kwenye choo, kizunguzungu akisimama, mkojo mchache na mweusi, vidonda vya mdomo pamoja na kuhara, au kutapika kila anachokunywa, hayangoji kliniki ijayo. Aliye mbali na hospitali za rufaa za Jaramogi, Kisumu, au Moi, Eldoret, aende hospitali iliyo karibu usiku huohuo awekewe maji ya mshipa, akiwa na kitabu chake cha kliniki, tarehe ya dozi ya mwisho, jina la dawa, na lile daftari la hesabu.