Baada ya "to", kitenzi hakiwi kitupu kila mara

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukariri kwamba kila baada ya "to" kitenzi huandikwa bila nyongeza: "I want to eat", "She hopes to travel". Kwa sentensi hizo, sawa. Shida ni lile neno "kila", ndilo linalozaa "I look forward to meet you" katika barua za kuomba kazi.

"To" ziko mbili, zinafanana sura tu. Moja ni alama ya kitenzi. Nyingine ni kihusishi, ndugu wa "at" na "in", na baada ya kihusishi kitenzi huchukua "-ing": "I look forward to meeting you". Ukitaka kupima, weka nomino mahali pa kitenzi. "I look forward to your reply" inakubali. "I want to your reply" inagoma.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni "used to". "I used to wake up early" ni mazoea yaliyokwisha. Siku hizi huenda unalala mpaka saa tatu. "I am used to waking up early" maana yake umeshazoea, kuamka alfajiri hakukusumbui. Dalili ya kwanza ni ile "am" fupi, ambayo wengi huimeza wakizungumza.