Toazi la raidi kwenye jazi: dhana potofu kuhusu uzito na ukubwa

Raidi ni toazi kubwa ambalo mpiga ngoma huligonga mfululizo kwa stiki ili kushika mwendo wa muziki.

Dhana: Toazi zito hutoa sauti ya chini zaidi.

Ni kinyume chake. Matoazi mawili yakiwa na kipenyo kimoja, lililo nene ndilo gumu zaidi kupinda, na sauti yake hupanda. Hulia "ting" kali, kila pigo likisikika peke yake, na mvumo unaobaki nyuma ni mdogo. Jembamba hulia kwa sauti ya chini, huamka upesi na kuvuma chini ya mapigo. Wapigaji wengi wa jazi wanautaka mvumo huo, mradi usimeze mapigo yenyewe.

Dhana: Ukishajua gramu, umeshajua sauti.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hasa wanaonunua bila kusikiliza. Gramu 2,200 hazikuambii kitu mpaka utajiwe na kipenyo. Toazi la inchi 20 lenye uzito huo ni la wastani na pigo lake liko wazi. La inchi 22 lenye uzito huohuo ni jembamba, na ukilipiga kwa nguvu kidogo tu linaanza kufunguka kama krashi, toazi la kupigwa kwa kishindo. Eneo la inchi 22 linazidi la inchi 20 kwa asilimia 21, hivyo toazi la inchi 20 la gramu 2,000, likiongezwa kipenyo hadi inchi 22 bila kubadilishwa unene, litafika gramu 2,420 hivi. Kwa hiyo linganisha unene kwanza.

Hata hivyo bado hujamaliza. Matoazi mawili yenye kipenyo na uzito sawa huweza kulia tofauti kabisa. Mgongo ulioinuka hupandisha sauti, ulio bapa huishusha. Kinundu kikubwa cha katikati huongeza mvumo. Mapigo ya nyundo kiwandani nayo hubadilisha mlio, na hayo hayaonekani kwenye mizani.

Dhana: Raidi ya jazi lazima iwe inchi 22.

Si lazima. Mwaka 1968 mpiga ngoma Roy Haynes alirekodi na mpiga piano Chick Corea akitumia raidi bapa ya inchi 18, isiyo na kinundu. Mapigo yake ni makavu na mvumo ni mdogo, na kila noti ya piano inapita.

Dhana: Bendi kubwa inataka toazi zito.

Mpiga ngoma Mel Lewis, aliyeongoza okestra pamoja na mpiga tarumbeta Thad Jones jijini New York kuanzia 1966, alijulikana kwa matoazi yenye sauti ya chini na pana. Naona alikuwa sahihi kabisa: tarumbeta pamoja na trombone zikilia juu, toazi kali huingia kugombana nazo, ilhali lenye sauti ya chini hupata nafasi yake chini yao na kuibeba bendi nzima.

Dhana: Likivuma kupita kiasi, libadilishe.

Kabla ya kutoa pesa, sogeza stiki karibu na kinundu, mlio utakauka. Jaribu stiki yenye ncha ndogo. Ikishindikana, bandika kipande cha utepe chini ya toazi, urefu wa vidole viwili, ukisogeze kidogo kidogo kuelekea ukingoni huku ukipiga taratibu, na ukiache pale mapigo yanapoanza kusikika moja moja.