Chai ya artemisia si dozi ya malaria

Hoja ni ileile kila msimu wa mvua: dawa ya mseto ya malaria inatokana na mmea wa artemisia, kwa hiyo ukichemsha majani yake umejitibu. Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili inaua watu, hasa watoto.

Artemisinini, kiini cha mmea huo kinachoua vimelea vya malaria, imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta juu ya jani, na ni dawa isiyopatana na maji. Jani kavu huwa nayo kuanzia chini ya asilimia 0.1 hadi zaidi ya 1, kutegemea mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Chai iliyopimwa maabara, gramu 9 za majani kwa lita ya maji, ilitoa kama miligramu 94. Dozi ya kawaida ya artemisinini kwa mtu mzima ni miligramu 500 kwa siku. Na hayo yalikuwa majani mazuri. Pakanga ya asili ya huku kwetu, Artemisia afra, haina artemisinini ya maana.

Halafu tunaambiwa "Wachina wamekunywa chai hii tangu kale." Tusome walichoandika. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliagiza konzi moja ya qinghao, yaani artemisia, iloweshwe katika maji, ikamuliwe, juisi yote inywewe. Hakusema ichemshwe. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ndani ya mmea huo, mwaka 1971 aachane na joto kali na kutumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Hapa vitabu hukimbilia kusema joto liliharibu dawa, na mimi hiyo hainitoshi, kwa sababu artemisinini huonekana hata kwenye chai ya moto. Nadhani siri ilikuwa kukamua: jani bichi likisongwa, mafuta hutoka pamoja na maji.

"Mbona jirani alipona?" Homa ilishuka. Artemisinini hupungua kwa nusu katika damu ndani ya saa mbili tatu. Huua vimelea wengi haraka, kisha hutoweka. Katika mseto wa ALu (artemether na lumefantrini), lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Chai haina mwenza huyo. Ilipojaribiwa Kongo, wagonjwa wengi walikuwa nafuu baada ya wiki, kisha vimelea vikarudi kwa wingi. Mtu mzima aliyezoea malaria huenda kinga yake ikamalizia kazi. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Na kunywa kila siku "kwa kujikinga" ni kuwapa vimelea mazoezi, wakati usugu dhidi ya dawa hizi umeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera.

Mjamzito asiinywe. Mwenye ini bovu naye aiache.

Pima kwanza. Ikiwa ni malaria isiyo kali, mtu wa kilo 35 na zaidi hunywa ALu vidonge 4 vya 20/120 (miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrini), vingine 4 baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata: jumla 24. Nywa na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga, la sivyo lumefantrini haifyonzwi vizuri. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo.

Mtoto mwenye degedege, aliyelegea au anayetapika kila kitu apelekwe hospitali sasa hivi. Huko atachomwa sindano ya artesunate, iliyotokana na mmea huohuo, lakini imepimwa: miligramu 3 kwa kilo akiwa chini ya kilo 20, na 2.4 akizidi hapo.